Mbuzi, Misiba na Mnara wa Hajji

Kitu cha kwanza nilichosoma hewani maishani mwangu kilikuwa mbuzi. Mbuzi jike, mweusi, ncha ya sikio la kushoto imekatwa, alionekana mara ya mwisho Jumanne karibu na kisima cha misheni, mwenye kumwona amfikishe kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji. Nilimsoma mbuzi huyo mara tatu jioni ile, na mara zote tatu nilitetemeka kama mtu anayetangaza mapinduzi. Kesho yake asubuhi akapatikana. Mwenyewe alikuja studio na mayai manane kwenye kikapu, akamkabidhi Hajji, mwenye redio, naye Hajji akanipa mawili.

Sikuwa nimepanga kuandika haya. Mwezi uliopita Hajji alinipigia simu: anabomoa chumba cha zamani cha studio apate ghala la saruji, na mle darini kuna sanduku la bati lenye "vitu vyako". Nilidhani ni viatu. Kumbe ni kaunta buku kumi na saba, zile tulizokuwa tukiandikia matangazo ya wasikilizaji. Mbili panya wamezifanya nyumba.

"Mwandiko mwingi ni wako, binti yangu," akasema. "Uzichukue, ama nitawashia moto wa chai."

Hizo ndizo kumbukumbu zote za redio yetu. Vipindi havipo. Kaseti tulirekodi juu ya kaseti hadi utepe mmoja ukawa unanong'ona watu watatu kwa pamoja, na kompyuta ya kwanza ilipigwa na radi ikafa na kila kilichokuwa tumboni mwake. Hotuba za wagombea, mahojiano na madaktari wa chanjo, sauti ya mzee aliyekuwa akitusimulia hadithi kila Alhamisi, vyote viliishia palepale viliposemwa. Kilichobaki ni nani alikufa, nini kilipotea, na nani alilipa shilingi ngapi. Nimezisoma buku hizo usiku wa siku tatu, taa ikiwa karibu na pua. Jina la mji na la kituo nitayaweka kapuni. Ni mji mdogo wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, pembeni mwa mpaka wa Kongo, na Hajji hapendi maneno.

Ili uelewe kwa nini tangazo la mbuzi lilikuwa jambo kubwa, inabidi nianze na redio ya baba.

Utangazaji ulianza Uganda mwaka 1954, enzi za Mwingereza, na baada ya uhuru wa 1962 sauti ya nchi ilikuwa moja: Radio Uganda, kutoka Kampala. Kwa watu wa umri wa baba, redio ilikuwa chombo cha kukujulisha leo bunduki iko mikononi mwa nani. Tarehe 25 Januari 1971 mwanajeshi mmoja, Sam Wilfred Aswa, aliingia hewani akasoma sababu 18 za kumng'oa Obote. Tarehe 11 Aprili 1979 ikawa zamu ya David Oyite-Ojok kuwaambia wananchi kwamba serikali ya Amin haipo tena. Tarehe 27 Julai 1985 akasikika Walter Ochora: Obote kaondoka tena. Baba alikuwa na kanuni yake. Ukifungua redio asubuhi ukakuta bendi ya jeshi inapiga na habari hazisomwi, hakuna kwenda shamba siku hiyo, na mbuzi wafungwe karibu na nyumba.

Ile ya 1979 aliisikia akiwa Arua. Alizima redio kabla msemaji hajamaliza, akamwambia mama aanze kufunga vitu. Amin alikuwa mtu wa kwetu, na deni lake watu walijua litalipwa na kwetu. Askari wa serikali mpya walipofika mwaka uliofuata, watu kwa maelfu walivuka kuingia Zaire na Sudan, na mimi nikazaliwa ng'ambo hiyo, upande wa Aru. Kiswahili changu kimeanzia huko, kile cha "mutoto" na "muntu", cha sokoni na cha foleni ya maji. Kile cha "mtoto" na "mtu" nilikuja kukutana nacho vitabuni, nikiwa tayari mtu mzima.

Redio ya baba ilikula betri nne kubwa. Zikichoka zilianikwa juani pamoja na muhogo, zikapata nguvu za siku mbili zaidi. Nyumbani tuliruhusiwa kusikiliza vitu viwili tu, habari na matangazo ya vifo. Muziki ulihesabiwa kuwa ni kuharibu betri.

Matangazo ya vifo ndiyo yaliyonifanya nipende redio, sijui hilo linasema nini juu yangu. Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500, na barabara ya miaka ile haikuwa na huruma. Familia iliandika tangazo kwenye karatasi, ikampa dereva wa lori pamoja na pesa ya kulipia, na dereva akifika salama, na akikumbuka, na asipokuwa ameinywa ile pesa Karuma, alilipeleka. Mtu alikufa Jumatatu, akazikwa Jumanne, jina lake likasomwa wiki ya pili. Ndugu walioko mbali walisikia kaburi likiwa limeshashikana. Wengine walifika kulia peke yao, matanga yameshaisha, wenyeji wakawa wanalazimika kulia nao upya kwa heshima.

Halafu nchi ikafunguka. Sanyu FM na Capital Radio zilianza Kampala kati ya mwisho wa 1993 na mwanzo wa 1994. Mwaka 1996 Baganda wakapata CBS yao, redio ya Mengo, makao ya Kabaka, mfalme wao, na ndipo wengi wakagundua kwamba lugha ya nyumbani inaweza kusemwa hewani kutwa nzima bila mtu kukohoa. Mikoani tulifuata polepole. Gulu ilipata Mega FM mwaka 2002. Arua, Kanisa Katoliki lilianzisha Radio Pacis mwaka 2004, na miaka mitatu baadaye ikashinda tuzo ya BBC ya redio za Afrika, jambo ambalo watu wa Arua wanaweza kukusimulia hata kama hujauliza. Leo Uganda ina vituo zaidi ya 200. Sisi tulikuwa mmoja wa hao wasiohesabika vizuri.

Hajji alikuwa na duka la mabati, misumari na saruji. Wageni rasmi wakija husema alianzisha redio "kwa ajili ya maendeleo ya jamii", naye huitikia kwa kichwa. Usiku mmoja jenereta limekufa, tumekaa gizani tukimsubiri fundi, aliniambia nyingine. Dada yake aliyekuwa ameolewa Ariwara, ng'ambo ya mpaka, mwendo wa asubuhi moja kwa baiskeli, alifariki, na yeye akasikia siku ya tatu kutoka kwa mteja aliyekuja kununua misumari ya kupigilia turubai la matanga. "Nilimpimia misumari ya msiba wangu mwenyewe," akasema, "na nikachukua pesa." Hakurudia tena maneno hayo.

Amani ya Yumbe, ile kati ya serikali na waasi wa UNRF II, ilitiwa saini Desemba 2002, na baada yake watu wa kwetu walianza kujenga kwa matofali ya kuchoma badala ya udongo. Mabati yakauzika. Faida ya mabati ikawa mnara. Studio ilikuwa chumba juu ya duka. Ukutani tulibandika treyi za mayai, na juu ya treyi mablanketi ya mke mdogo wa Hajji, ambaye aliyadai hadi siku aliyonunuliwa mengine. Transmita ilikuwa ya mkono wa pili. Mlingoti ulifungwa nyaya nne, na waya mmoja ulipita juu ya banda la jirani mwenye jogoo ambaye, naapa, alijua saa ya habari. Wasikilizaji walimzoea. Alipochinjwa siku ya Idi, watu walipiga simu kuuliza yuko wapi.

Umeme wa gridi ya taifa ulikuwa hadithi ya Kampala, kwa hiyo tulikwenda na jenereta: saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, kisha saa kumi alasiri hadi saa nne usiku. Dizeli ikipungua, mtangazaji alisikia kwa mgurumo kabla ya kuambiwa, akaanza kusoma haraka.

Kuhusu lugha kulikuwa na ugomvi. Kilugbara na Kikakwa hakuna aliyevipinga, Kiingereza kilikuwepo kwa ajili ya heshima. Kiswahili ndicho kilicholeta maneno. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja kumwambia Hajji kwamba hiyo ni lugha ya askari na ya wezi. Siwezi kumlaumu. Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na Waganda wengi wa kusini walikutana nayo kwenye kizuizi cha barabarani, mtutu ukiwa umetangulia. Hata leo, Kiswahili kikiwa lugha rasmi ya pili kwenye katiba tangu 2005 na Baraza la Mawaziri likiwa limeamua mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni, nikikisema ndani ya teksi Kampala kuna abiria anayesogeza mkoba wake. Lakini mpakani kwetu hiyo ni lugha ya bei. Hajji alimsikiliza mwalimu hadi mwisho, akamjibu: "Mwalimu, mteja wangu wa Ariwara ananunua mabati kwa Kiswahili. Akifiwa, nimwambie kwa Kiingereza?" Ndivyo nilivyopata kazi.

Sasa turudi kwenye kaunta buku. Kila ukurasa una mistari ya kalamu nyekundu niliyopiga kwa rula: tarehe, jina la mleta tangazo, aina, lugha, mara ngapi, pesa, sahihi. Mwanzoni tangazo lilikuwa shilingi 2,000 kwa kila kusomwa, la kifo nusu bei. Wasio na uwezo waliandikiwa "bure", na nikihesabu naona Hajji alikuwa bahili kwa wafanyakazi wake kuliko kwa maiti.

Vilivyopotea: mbuzi, baiskeli, cheti cha kumaliza darasa la saba, funguo za pikipiki, ng'ombe (hao walisomwa kwa sauti nyingine kabisa), meno ya bandia yaliyosahaulika kwenye basi. Kuna mke aliyepotea, tangazo limelipiwa na mumewe, na chini yake, siku mbili baadaye, tangazo la mke huyo huyo, amelipa mwenyewe: "Sijapotea. Niko kwa baba yangu. Anajua kwa nini." Tulilisoma mara mbili, na nakiri mara ya pili haikulipiwa.

Ila kiini cha buku ni vifo. Nilipokuwa nikiyasoma hewani sikuona. Sasa nimeyaweka yote mezani ndiyo naona. Kila tangazo la kifo lina orodha ya watu wanaotakiwa kujulishwa, na orodha hiyo ni ya mahali zaidi kuliko ya watu. Wajulishwe wa Kakira. Wa Lugazi. Wa Kinyara. Wa Bombo. Wa Bweyale. Wa Ariwara na Aru. Wa Yei. Ukurasa baada ya ukurasa, majina yale yale, mtu angeweza kuyachora yakawa ramani. Mwingereza aliifanya West Nile shamba la kuvunia vibarua na askari. Babu zetu walikwenda kukata miwa ya Madhvani kule Kakira na ya Mehta kule Lugazi, wengine wakavaa sare na watoto wao wakabaki Bombo na Wanubi wenzao. Kila mji kwenye ile orodha ni mahali ambapo kijana wa kwetu aliwahi kushuka kwenye lori akiwa na kifurushi kimoja.

Mtu mwenye akili atauliza: mawimbi yenu yalifika Kakira? Hayakufika hata Nebbi vizuri. Lakini dereva wa basi la alfajiri alikuwa na redio, na utingo wake pia, na mama muuza chai wa stendi alikuwa na mtoto wa dada yake Lugazi. Kabla simu hazijaenea, tangazo la saa moja usiku lilipanda basi saa kumi na moja alfajiri. Nimewahi kuambiwa kwamba mtu wa Kakira alisikia kifo cha mama yake kwa maneno niliyoyasoma mimi, neno kwa neno, pamoja na kosa langu la matamshi, kutoka kwa utingo aliyekuwa ameyashika kichwani.

Orodha hizo zilileta pia vita. Marehemu mwenye wake wawili, nani atajwe kwanza? Watoto wa mke mkubwa walikuja studio saa tatu usiku, wamekunja mikono, kwa sababu mama yao alitajwa baada ya "mama Amina". Nilisoma upya. Nusu saa baadaye wakaja watoto wa mama Amina. Hajji akaamua kwamba wake watatajwa kwa pamoja kama "wajane", na hapo akajiundia maadui wapya, kwa kuwa mmoja hakuwa ameolewa rasmi.

Mwaka wa pili wa kituo ndipo lilipotokea jambo ambalo mjini kwetu bado linasimuliwa, na mimi ndiye mkosaji wake. Kijana mmoja mnadhifu alikuja alasiri na karatasi iliyoandikwa vizuri: mzee fulani wa kijiji fulani amefariki ghafla, mazishi kesho saa nane mchana, watu wote wafike. Akalipia kusomwa mara nne, Kilugbara na Kiswahili, akaweka sahihi isiyosomeka. Mzee alijulikana, mwenye ng'ombe na ardhi nzuri ya mtoni. Nikasoma kwa ile sauti yangu ya msiba niliyokuwa nikijivunia.

Usiku ule watu walimiminika nyumbani kwa mzee na mikeka, kuni, unga wa muhogo, na ngoma. Wakamkuta amekaa uani anakula. Inasemekana aliinua macho, akaona umati umeingia na kilio kimeshaanza, akauliza kwa upole, "Nani amefariki?" Hakuna aliyejibu. Mke wake ndiye aliyeanza kucheka, kisha akalia. Na kwa kuwa watu wametoka mbali na giza limeingia, hawakuweza kufukuzwa. Walilala, wakala, na asubuhi walikunywa chai yenye sukari.

Saa mbili na nusu mzee alikuwa mlangoni mwa studio, kanzu nyeupe na koti, baiskeli imeegemezwa ukutani. Nilisimama. Nilitaka ardhi inimeze.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Nimekuja unione."

Hajji alimwomba radhi kwa lugha zote nne. Mzee akakataa kiti, akaomba kipaza sauti. Sijawahi kusikia matangazo mafupi kama yale: "Ni mimi. Nipo. Ng'ombe wangu wasiguswe na ardhi ya mtoni haiuzwi." Akanyamaza, akafikiri, akaongeza: "Waliokuja jana, asanteni. Nimewajua." Maneno hayo mawili ya mwisho watu waliyatafsiri kwa wiki nzima, maana kulikuwa na ambao hawakufika.

Kijana mnadhifu hakuonekana tena. Kulikuwa na kesi ya ardhi ndani ya ukoo, na nadhani aliyemtuma alitaka kupima nani angejitokeza kudai nini. Mzee aliletea Hajji hesabu ya mbuzi mmoja, sukari kilo tatu na unga, na Hajji alimlipa kwa mabati kumi. Halafu akachukua kipande cha ubao, akaandika kwa rangi nyekundu na kukipigilia mlangoni: HAKUNA KIFO BILA MUHURI. Tangu siku hiyo kila tangazo la msiba lilihitaji barua ya LC1 yenye muhuri. Kuna wenyeviti waliogundua kwamba muhuri unaweza kuwa na bei, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Sisi tulikosea kwa mtu mmoja. Wenzetu wa Lira walilipa kwa kusema kweli: Radio Wa ilikuwa na kipindi kilichoitwa Karibu, kikiwasihi watoto waliotekwa na waasi wa LRA warudi nyumbani, na mwaka 2002 waasi waliuvamia na kuuchoma moto mtambo wao. Gulu, Mega FM ilikuwa na kipindi cha namna hiyo hiyo, Dwog Cen Paco, rudi nyumbani. Huwa nalifikiria lile jina, Karibu. Neno tunalomwambia mgeni akiwa mlangoni, na mtu akaona linastahili kuchomewa nyumba.

Siasa nitaipita mbio, kama ilivyotupita sisi. Tulikuwa na mjadala wa Jumamosi chini ya mwembe, kipaza sauti kikizungushwa, mtindo tuliouiga kwa bimeeza za Kampala, mijadala ya redio iliyofanywa hadharani. Septemba 2009 kulipotokea ghasia za safari ya Kabaka kwenda Kayunga, serikali iliifunga CBS na vituo vingine, ikapiga marufuku mijadala ya uwanjani. CBS haikurudi hewani hadi Oktoba 2010. Hajji hakungoja kuambiwa. Jumamosi iliyofuata mwembe ulikuwa na mbuzi tu. Kwenye kaunta buku kuanzia hapo, kila karibu na uchaguzi, naona kurasa zinanenepa kwa matangazo ya wagombea, bei mara kumi ya kifo, halafu baada ya kura zinakonda tena. Mwaka 2020, mikutano ya hadhara ilipozuiwa kwa sababu ya korona na kampeni zikaitwa "za kisayansi", Hajji alibadilisha transmita. Mwingine sijui alipata nini kutokana na sayansi ile.

Buku la 2016 nililiacha la mwisho kulisoma. Julai mwaka huo vita viliwaka upya Juba, na watu wakaanza kumiminika. Kambi ya Bidi Bidi ilifunguliwa Yumbe mwezi Agosti, na miezi michache baadaye ilikuwa na watu zaidi ya 250,000, mojawapo ya kambi kubwa kabisa duniani. Hadi siku hiyo safu ya "aina" kwenye daftari ilikuwa na maneno matano au sita. Nikaongeza jipya: "anatafutwa". Kurasa nzima za neno hilo. Anatafutwa mke wa fulani, mara ya mwisho alionekana Yei sokoni. Wanatafutwa watoto wanne, mkubwa ana kovu la mshale. Walikuja kwa miguu na kwa boda, wakisema Kiarabu cha Juba, Kikakwa, na wale waliopitia Kongo wakisema Kiswahili changu cha utotoni. Mama mmoja aliniambia, "Niko naomba munitafutie mutoto yangu," na Mkuu wa Vipindi, kijana aliyesoma Nairobi, akataka nisahihishe sarufi kabla ya kusoma. Nikasoma kama ilivyosemwa. Mtoto yule mahali alipo, kama anasikia, hiyo ndiyo sauti anayoijua.

Hatukuchukua pesa kwa matangazo hayo. Waliopatikana niliwaandikia pembeni kwa kalamu ya kijani: "amepatikana". Kijani kipo, si haba. Kuna mvulana wa miaka kama kumi na miwili aliyekuja na majina sita kwenye kiganja, ameyaandika kwa kalamu ya wino asije akasahau hata moja. Tulimsomea siku kumi na moja. Kwake hakuna kijani. Siku ya kumi na mbili hakuja, na nimejaribu kujiambia kwamba aliacha kuja kwa sababu nzuri.

Baada ya hapo buku zinakonda. Si kwamba watu waliacha kufa. Makundi ya WhatsApp ya koo yalichukua kazi yetu, na huko tangazo linakuja na picha, na namba ya simu ya kutuma mchango. Mwaka 2018 serikali ilipoanzisha kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, kwa miezi kadhaa matangazo yalirudi kidogo, na nadhani Hajji alikuwa Mganda pekee aliyeipenda kodi ile. Korona nayo ilitupa kazi ya muda: shule zilifungwa Machi 2020 zikaja kufunguliwa zote Januari 2022, na katikati hapo walimu walipanda ngazi za duka la mabati kuja kufundisha hesabu za sehemu hewani. Kufundisha hesabu bila ubao ni kipaji. Nilimsikia mmoja akisema, "Sasa angalieni hapa," akinyoosha kidole kwenye blanketi.

Mimi mwenyewe niliacha kazi mwaka 2017, nikaolewa Arua, nikafungua duka la vitambaa. Ila katika buku la 2019 kuna mstari mmoja wa mwandiko wangu, na nilipoufikia niliweka daftari chini nikaenda kuchemsha chai.

Asubuhi ya siku ile Hajji alinipigia. Yule mzee wa baiskeli amefariki. Mwanawe ameleta barua ya LC1, muhuri upo, tangazo limeshasomwa mara mbili na kijana mpya, na watu hawaji. Nyumbani kuna majirani saba. Wengine mjini wanacheka: safari hii hawatudanganyi.

"Njoo usome wewe," akasema Hajji. "Wewe ndiye uliyemuua, wakikusikia wataamini."

Nikapanda gari la Koboko. Nilipofika studio hakuniruhusu kupanda ngazi. Alikuwa amemsimamisha bodaboda mlangoni, chini ya ule ubao, rangi nyekundu imeshafifia.

"Kwanza nenda ukamwone."

Nikaenda. Alikuwa amevikwa kanzu ileile, au inayofanana nayo. Mjane wake alinishika mkono, hakusema kitu, akanionyesha mkeka nikakaa kidogo. Nikarudi na vumbi usoni, nikavaa vifaa vya masikioni, nikasoma. Kufikia saa kumi barabara ya kijijini kwao ilikuwa imejaa baiskeli.

Mstari wenyewe uko hivi: "Kifo. Kilugbara na Kiswahili. Mara nne. Bure. Muhuri upo. Nimemwona."